Habari za Namba 4,294,967,297 na Vigawo Vyake

Zipo namba zinazojulikana kwa ukubwa wake tu, na zipo nyingine zinazojulikana kwa yale yaliyonenwa juu yake. Namba 4,294,967,297 ni ya kundi hili la pili. Kwa muda wa miaka tisini na miwili, tangu 1640 hata 1732, ilihesabiwa kuwa namba tasa kwa neno la mtu mmoja mwenye sifa kubwa katika elimu ya hesabu. Na kumbe kigawo chake kimoja ni kidogo hata huandikwa kwa tarakimu tatu tu. Habari hii ni mashuhuri miongoni mwa wanahesabu wa Ulaya. Kwa wataalamu wa lugha ina faida nyingine, kwa kuwa uthibitisho wake ni mfupi, nao ni kipimo kizuri cha kujua kama Kiswahili chaweza kuichukua hoja ya hesabu tangu mwanzo hata mwisho kwa maneno yake chenyewe.

Kwanza namba yenyewe na isomwe. Ni bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Mwenye kuisikia pasipo kuiona imeandikwa aweza kupotea. Maneno “elfu mia tisa sitini na saba,” yakisimama peke yake, ni 967,000 kwa msikiaji mmoja, na kwa mwingine ni 900,067, maana Kiswahili hutanguliza neno elfu mbele ya hesabu yake, wala hakina alama ya kuonyesha elfu hizo zaishia wapi. Neno laki, lililofika pwani pamoja na biashara ya Bara Hindi, hupunguza shaka hiyo lakini haliimalizi. Kwani “laki tisa na elfu sitini na saba” nayo yaweza kusikika kuwa 960,007. Katika namba yetu kinachomwokoa msikiaji ni ile mia mbili ifuatayo, ambayo humjulisha kwamba sitini na saba imekwisha kuwa mali ya elfu. Neno bilioni nalo lilikuwa na maana mbili: huko Uingereza, mpaka mwaka 1974, serikali ililitumia kwa maana ya milioni mara milioni, na kwa hesabu hiyo namba hii isingefika hata bilioni moja. Ndiyo sababu wanahesabu hupendelea kuitaja kwa asili yake kuliko kwa tarakimu zake.

Asili yake ni nyepesi. Mtu akianza na moja, akaizidisha kwa mbili, na kila jibu tena kwa mbili, mpaka atimize mara thelathini na mbili, atapata 4,294,967,296, yaani 2³². Akiongeza moja, amepata namba yenyewe. Imo katika safu ya namba zinazopatikana kwa kuongeza moja juu ya 2, 2², 2⁴, 2⁸, 2¹⁶, 2³² na kuendelea, ambamo kila kipeo ni maradufu ya kilichotangulia. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, nazo zote ni tasa. Vipeo vingine havikuachwa bure. Kipeo chochote chenye kigawo cha witiri kilicho kikubwa kuliko moja hutoa namba inayogawika waziwazi: 2⁶ + 1 ni 65, nayo yagawika kwa 2² + 1, yaani 5, na 2¹² + 1 ni 4,097, nayo yagawika kwa 2⁴ + 1, yaani 17. Basi anayetafuta namba tasa za umbo hili hana budi kushika vipeo ambavyo ni mbili zilizozidishwa kwa mbili, na hapo ndipo safu ile ilipozaliwa.

Yafaa kusimama kidogo juu ya maneno yanayotumika hapa. Shufwa na witiri yametoka Kiarabu, nayo yalikuwa yamezoeleka pwani kabla ya vitabu vya hesabu vya shule: witiri hujulikana na kila mwenye kusali sala ya witri, ambayo rakaa zake si shufwa, na maneno hayo mawili yametajwa pamoja katika Sura ya Al-Fajr. Kigawo na kigawe ni ya Kibantu tupu, na tofauti yake imo katika irabu ya mwisho. Kigawo ndicho kinachogawa. Kigawe ndicho kinachogawiwa, kama vile kiumbe ni kilichoumbwa na mtume ni aliyetumwa. Kiswahili kimeitaja tofauti hiyo kwa kubadili sauti moja.

Neno tasa lina mjadala zaidi. Wayunani waliziita namba hizi “za kwanza,” Waarabu wakafuata, na Kilatini kikawapa Wazungu neno la maana hiyohiyo. Kiswahili kiliiacha njia hiyo, kikachukua neno la mwanamke au mnyama asiyezaa. Mtu aweza kulipinga neno hili akisema kwamba namba tasa ndizo hasa zinazozaa, kwa kuwa kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja ama ni tasa ama ni zao la namba tasa. 17 haikutokana na namba nyingine kwa kuzidisha, lakini 34, 51 na 85 zimetokana nayo. Kwa kipimo hicho ingestahili kuitwa namba isiyo na wazazi. Hata hivyo neno laweza kutetewa. Namba ikigawanywa hutoa vigawo vyake kama tumbo litoavyo watoto, na ile isiyotoa kitu ila moja na nafsi yake ni tasa kweli. Utetezi huu una nguvu kuliko pingamizi, kwa maana swali linaloulizwa juu ya namba kubwa daima ni la kugawanya: je, imo kitu ndani yake?

Swali hilo ndilo alilodhani kulijibu Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, ambaye hesabu ilikuwa burudani yake baada ya kazi ya mahakama. Mwaka 1640 alimwandikia Frenicle de Bessy kwamba anaamini kila namba ya safu ile ni tasa. Hakuwa na uthibitisho, naye hakuficha jambo hilo. Hata mwaka 1654, alipomwandikia Pascal, alikuwa bado akikiri kwamba hajaupata wote. Lakini imani yake haikupungua. Ushahidi aliokuwa nao ni zile namba tano za kwanza. Ya sita, ambayo ndiyo namba yetu, ilikuwa kubwa mno kupimwa kwa kugawanya kwa kila namba tasa moja baada ya nyingine: kabla ya kufika kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho chazidi 65,536 kwa sehemu ndogo sana, kuna namba tasa zaidi ya elfu sita.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimkumbusha Leonhard Euler, aliyekuwa Petersburg katika Urusi, juu ya neno hilo la Fermat. Mwanzoni Euler hakulishughulikia sana. Mwaka 1732 akatoa andiko fupi ambamo alisema kwamba namba hiyo yagawika kwa 641, pasipo kueleza alivyoifikia. Njia yake aliieleza katika andiko la baadaye, nayo yastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake yaonekana kwamba kazi iliyodhaniwa kuhitaji miezi ilikuwa kazi ya adhuhuri moja.

Na ichukuliwe namba tasa ndogo, kwa mfano 17. Anza na 1, zidisha kwa mbili kila mara, na kila jibu likizidi 17 toa 17 na ubakishe baki. Zitapatikana baki hizi: 1, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, kisha 1 tena, na duara huanza upya. Duara hilo lina hatua nane. Katika hatua ya nne baki ni 16, yaani moja pungufu ya 17, na hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba 17 yaigawa 2⁴ + 1. Hatua nane ni maradufu ya nne. Tena nane yaigawa 16, ambayo ni 17 kasoro moja; na hili si la bahati. Fermat mwenyewe alikwisha kutambua mwaka uleule wa 1640 kwamba kwa kila namba tasa ya witiri duara la namna hii hurudi kwenye 1 katika hatua iliyo sawa na namba tasa hiyo kasoro moja, hata kama lilikwisha kurudi mara nyingine kabla ya hapo.

Sasa iwepo namba tasa, isiyojulikana bado, inayoigawa 2³² + 1. Kwa namba hiyo, baki ya hatua ya 32 lazima iwe moja pungufu ya namba yenyewe, na baki ya hatua ya 64 iwe 1. Duara basi hufunga katika hatua ya 64, wala haliwezi kufunga mapema zaidi. Urefu wake hauna budi kuigawa 64, na kama ungekuwa mfupi kuliko 64 ungeigawa 32 pia, na baki ya hatua ya 32 ingekuwa 1. Kwa hiyo urefu ni 64 kamili. Na kwa kuwa duara hurudi kwenye 1 katika hatua ya namba tasa hiyo kasoro moja, 64 haina budi kuigawa namba tasa hiyo kasoro moja. Kwa maneno mafupi, kila kigawo tasa cha namba yetu ni kigawe cha 64 na moja juu yake.

Tazama jinsi msitu ulivyofyekwa. Kati ya 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577 na 641, zilizo tasa ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Kuzijaribu si kazi ngumu, kwa sababu mtu hahitaji kugawanya namba ya tarakimu kumi. Yatosha kuchukua 65,536, kupata baki yake, kuizidisha baki hiyo kwa nafsi yake, kupata baki tena, na kuongeza moja. Kwa 193 baki ya mwisho ni 109. Kwa 257 ni 2. Kwa 449 ni 325, na kwa 577 ni 288. Kwa 641, namba 65,536 hutoa baki 154. 154 mara 154 ni 23,716, ambayo baki yake ni 640. Ongeza moja, na hakuna kilichobaki. Majaribio matano yakautengua usemi uliodumu miaka tisini na miwili.

Linaloshangaza ni kwamba Fermat alikuwa na chombo hiki mkononi. Katika mwaka ule wa 1640 alitumia hoja iliyo ndugu ya hii kuonyesha kwamba 2³⁷ − 1, yaani 137,438,953,471, yagawika kwa 223. Namba hiyo ni kubwa kuliko 4,294,967,297 zaidi ya mara thelathini. Huenda alijaribu na kukosea hesabu mahali fulani. Huenda uzuri wa safu ulimtosha. Barua zake hazitoi jibu, na wanaoandika juu yake wangefanya vyema kutomtungia udhuru.

Baada ya Euler ilipatikana njia fupi zaidi ya kuonyesha jambo hili, isiyohitaji kujaribu wala kugawanya, na hiyo ndiyo ifaayo kupimwa katika lugha. Namba 641 husemwa kwa namna mbili. Kwanza, ni 5 mara 128, na moja juu yake. Pili, ni jumla ya 625 na 16, yaani 5⁴ na 2⁴. Chukua 2³² na uivunje iwe 16 mara 2²⁸. Mahali pa 16 weka 641 kasoro 625, kwa kuwa ni kitu kilekile. Basi 2³² ni 641 mara 2²⁸, ukiondoa 625 mara 2²⁸. Lakini 625 ni tano zilizozidishwa mara nne, na 2²⁸ ni 128 zilizozidishwa mara nne. Hivyo kinachoondolewa ni 640 zilizozidishwa mara nne. Sasa, 640 mara 640 ni 409,600, na 641 mara 639 ni 409,599. Baki ni 1. Zao la 409,600 kwa nafsi yake nalo basi hubakiza 1. Kwa hiyo 2³² ni kigawe cha 641, ukiondoa kigawe kingine cha 641 pamoja na moja. Irudishie ile moja, na 2³² + 1 imekuwa kigawe cha 641 kamili. Anayetaka kuziona tarakimu zenyewe atakuta kwamba 641 mara 268,435,456 ni 172,067,127,296. Akitoa 167,772,160,000, atabaki na 4,294,967,296.

Katika hoja hiyo yote hakuna neno lililoazimwa ila yale yaliyokwisha kuwa ya Kiswahili. Ugumu ulioko ni mmoja, nao ni wa kweli: neno mara hutumika kwa kuzidisha namba mbili (“641 mara 639”) na pia kwa kuhesabu vitendo (“zilizozidishwa mara nne”). Aliyezoea vitabu huipita tofauti hiyo bila kujikwaa. Mwanafunzi asikiaye kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba tano zilizozidishwa mara nne ni ishirini. Kipeo huondoa shaka, na kwa hiyo “tano kwa kipeo cha nne” yafaa kushikwa kila inapowezekana, hata kama masikioni si tamu kama lile la kwanza.

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Nacho ni 64 mara 104,694, na moja juu yake, kama kanuni inavyodai. Kwamba nacho ni tasa ni rahisi kuhakikisha kwa msaada wa Édouard Lucas, aliyeonyesha mwaka 1878 kwamba mahali pa 64 paweza kuwekwa 128. Hapo zisizozidi kipeuo chake cha pili, na zilizo tasa, ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ile 257 imekwisha kukataliwa, maana isipoigawa namba nzima haiwezi kugawa sehemu yake. Nne zilizobaki hutoa baki 44, 120, 334 na 622. Basi namba yetu ina vigawo tasa viwili, wala hakuna cha tatu.

Ukweli huohuo waonekana kwa mlango mwingine. Namba tasa ya witiri, ikiwa ni jumla ya namba mraba mbili, huwa hivyo kwa njia moja tu. Hili Fermat alilinena na Euler akalithibitisha. Sasa 4,294,967,297 ni 65,536 kwa kipeo cha pili, na 1. Lakini pia ni 62,264 kwa kipeo cha pili, na 20,449 kwa kipeo cha pili. Njia zimekuwa mbili, na utasa umekwisha. Tena njia hizo mbili humpa mtu vigawo vyenyewe. Toa 62,264 katika 65,536, upate 3,272. Toa 1 katika 20,449, upate 20,448. Gawa kila moja kwa 8, ambayo ndiyo kigawo chake kikubwa cha shirika, upate 409 na 2,556. Jumla ya mraba wa hizo mbili ni 6,700,417.

Husimuliwa kwamba mtoto Zerah Colburn wa Marekani, aliyepelekwa London mwaka 1812 kuonyeshwa watu kwa ajili ya wepesi wake wa kuhesabu, aliulizwa vigawo vya namba hii akavitaja kwa akili tu. Alikuwa na umri wa miaka minane.

Ilidhaniwa kwamba safu ya Fermat ni mchezo tu, mpaka Carl Friedrich Gauss alipogundua mwaka 1796 kwamba umbo lenye pande kumi na saba zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Katika kitabu chake cha 1801 alieleza ni maumbo gani yawezekanayo: yale ambayo hesabu ya pande zake ni zao la namba tasa za Fermat zisizorudiwa, pamoja na mbili kadiri mtu atakavyo. Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba mengine hayawezekani. Mtu akizidisha 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote pamoja hupata 4,294,967,295, yaani namba yetu kasoro mbili. Na ndiyo sababu 257 ilibakiza 2 pale juu. Kwa hiyo umbo lenye pande za witiri lililo kubwa kuliko yote yanayojulikana kuchorika lina pande 4,294,967,295. Hakuna aliyejaribu kulichora. Lakini Johann Hermes alitumia miaka kama kumi katika kueleza umbo lenye pande 65,537, na mwaka 1894 akayakabidhi maandishi yake kwa Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako yamehifadhiwa.

Kama namba yetu ingekuwa tasa, maumbo mengine yangeongezeka kwa wingi. Haikuwa, na zilizoifuata pia hazikuwa. Mwaka 1880 Fortuné Landry, akiwa mzee wa miaka themanini na miwili, aliigawa 2⁶⁴ + 1 kwa 274,177. Zote zinazofuata zilizokwisha kupimwa, hata ile ya kipeo 2³², si tasa. Ya kipeo 2³³, yenye tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, haijaamuliwa. Miongoni mwa hizo imo moja ya ajabu, nayo ni ile ambayo kipeo chake ni 2²⁴. Ina tarakimu 5,050,446. Mwaka 1999 ilithibitishwa kwa mashine za hesabu kwamba si tasa, kwa njia isiyohitaji kukijua kigawo chochote. Na mpaka sasa hakuna aliyeonyesha hata kimoja kati ya vigawo vyake vilivyo tasa.